Dawa Iliyojileta Yenyewe

Machi 8

Nimefika jana jioni. Natoka Shelui, Iramba, ambako mvua ya mwaka huu ilinyesha siku chache ikatuacha tunatazama mtama ukijikunja. Hapa juu ya Tengeru mvua haina haya. Inanyesha, inapumzika kidogo kama mtu anayekohoa, inaendelea.

Tajiri wangu ni mwalimu mstaafu, Elihuruma. Wote wanamwita Mwalimu. Ana kahawa, migomba na ng'ombe wa ndani. Aliniuliza jina, nikaanza kusema Kitundu, hakungoja. "Wewe ni Singida," akasema. "Aliyekuwepo kabla yako alikuwa Kondoa. Ni rahisi kukumbuka."

Mke wake ni Mama Hans. Nilimwamkia shikamoo, akanipa mkono, akatabasamu, hakujibu. Ana kitambaa cheupe shingoni. Nimeona ana maringo.

Naandika ili mkono usisahau herufi. Niliishia darasa la tano.

Machi 10

Majani ya ng'ombe. Mgongo.

Machi 13

Leo nimeona jambo nisilolipenda, naliandika kama lilivyo.

Baada ya chai ya jioni Mwalimu aliingia chumba cha mbele akafunga mlango. Nilikuwa nje nazibua mfereji chini ya dirisha. Nikasikia sauti ya mwanamke. Si redio. Mwanamke anaongea Kimeru haraka haraka, anagomba, anacheka, anagomba tena, na Mwalimu anaguna kama anayeitikia. Na Mama Hans yuko barazani, upande wa pili wa ukuta uleule, anachambua maharage. Anasikia kila kitu!

Mzee mwenye mvi, mzee wa kanisa, anaongea na hawara kwenye simu na mke wake anatenganishwa naye na ukuta tu. Kwetu mtu wa namna hii angetungiwa wimbo.

Nilipita na toroli. Mama Hans akaweka kidole mdomoni, maana gurudumu lilikuwa linapiga kelele. Nikasema moyoni, huyu mama amezoea kuteswa mpaka anataka kusikia vizuri.

Machi 14

Mwalimu amenigombeza kwa kuwapa ng'ombe majani yaliyolowa, eti watavimba matumbo. Nimemwambia mlima mzima umelowa. Akasema, "Basi anika mlima."

Machi 18

Paa la chumba cha mbele limevuja. Mwalimu aliniita tuhamishe meza. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, ile ya kizamani yenye kasha lake pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate. "Shika kama unashika yai," akasema. Tulipoiweka pakavu aliiwasha aone kama imepata maji. Akabonyeza kitu. Ikatoka sauti ya yule mwanamke.

Nadhani uso wangu ulisema yote.

"Unafikiri ni nani?" akaniuliza.

Nikajifanya natazama paa linalovuja.

"Ni huyo aliyeko barazani."

Kisha akanieleza, huku akifuta kioo ambacho hakikuwa na maji. Mama Hans alipata uvimbe kooni. Madaktari walisema wataukata, na sauti itakwenda pamoja nao. Mama huyu alikuwa anaita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde na mbuzi wanakuja. Basi mtoto wao Hans, anayekaa Njiro mjini, akaleta kipaza sauti, na majuma yote ya kungoja hospitali mama akawa anaongea na kompyuta inarekodi. Hadithi, nyimbo za kanisani, namna ya kupika loshoro ya mahindi na maziwa, maneno anayowaambia kuku. Tangu apasuliwe anapumua kwa tundu lililo chini ya kile kitambaa, na anasema kwa ubao mdogo wa chaki, au kwa kugonga kijiko kwenye kikombe.

"Na sauti hizo zipo kwingine?" nikauliza.

"Zimo humu," akasema. "Zinatosha."

Nilitoka nimeinamisha kichwa. Sikuwa nimemsema kwa mtu, lakini moyoni nilikuwa nimemsema. Nikatazama barazani. Mama Hans alikuwa ameegemea ukuta, anachambua maharage polepole sana ili yasiishe.

Machi 24

Tumepiga dawa kahawa tangu asubuhi, mvua ilipotoa nafasi. Bomba mgongoni, ile dawa ya bluu, mrututu, mpaka kwenye nyusi. Mwalimu ananifuata nyuma na mahubiri yake: "Ukiona doa jeusi kwenye tunda umeshachelewa. Chulebuni, huu ugonjwa wa buni, haina subira. Dawa inapigwa kabla!" Anachanganya dawa mbili kwenye bomba moja, ya kutu ya majani na ya wadudu. "Safari moja, mgongo mmoja," anasema.

"Mgongo wenyewe wangu, Mwalimu."

Akacheka. Sikujua ana meno mazuri.

Machi 25

Mikono bado ya bluu. Nimekula ugali wa bluu.

Aprili 2

Mwalimu alipiga kelele "Singida!" nikaacha fyekeo nikakimbia nikidhani ni nyoka.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na dirisha jekundu linalowaka na kuzima, na mlio kama wa mbuzi aliyenaswa. Limeandikwa Kiswahili cha ajabu: TAHADHARI! KOMPYUTA YAKO NI MGONJWA MKUBWA. VIRUSI WANAKULA MAFAILI. BONYEZA KWA DAWA YA BURE.

Mwalimu alikuwa amesimama, miwani imeteremka. "Hans aliweka dawa humu," akasema, "lakini muda wake uliisha. Ilikuwa inanikumbusha, mimi naifunga."

"Si umpigie Hans?"

"Hans atasema, baba, nakuja Jumamosi. Hasemi Jumamosi ipi." Akanigeukia. "Unaonaje, Singida?"

Tangu nifike hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Nilijiona nimerefuka. Nikasema, "Mwalimu, si umenifundisha mwenyewe? Ukisubiri doa umechelewa. Piga."

Akapiga. Kompyuta ikamuuliza kama anakubali, akakubali. Ikaomba neno la siri, akaliandika kwa kidole kimoja. Ukatokea mstari wa kijani ukajaa taratibu kama maziwa kwenye ndoo, halafu ikaandika IMEPONA. Tukapeana mikono.

Mama Hans alikuwa mlangoni. Aligonga kikombe, tukageuka. Alikuwa ameandika kwenye ubao: *Nani kaileta?*

"Imejileta yenyewe, mama," Mwalimu akasema. "Siku hizi dawa inakufuata nyumbani."

Akamtazama, akafuta ubao kwa kiganja, akaondoka.

Aprili 4

Limetokea dirisha jingine, la manjano. Mwalimu amepiga mwenyewe bila kuniita. Anasema ile ya kwanza itakuwa ya kutu, hii ya wadudu.

Aprili 5

Mengine mawili. Amepiga.

Aprili 7

Mvua ya mawe. Migomba imechanika kama nguo za mlevi. Jioni sauti ya Mama Hans ilianza vizuri, ikakwama katikati ya kicheko. Kicheko kile kilirudia herufi moja mpaka Mwalimu akachomoa waya.

Aprili 9

Mwalimu aliniita kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Funga mlango."

Nikafunga. Akanionyesha kifuko cha njano kwenye kioo, kimeandikwa MAMA. Akakibonyeza. Ndani palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Akakifunga, akakifungua tena. Peupe. Na juu yake likaja lile dirisha jekundu, sasa halina adabu kabisa, linasema ukitaka mafaili yako lipa, na ulipe kwa dola.

"Labda zimehama," nikasema. Sijui nilitoa wapi neno hilo.

Alifungua kila mahali. Alibonyeza mpaka hapakubaki kifuko ambacho hakijafunguliwa. Halafu akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akakaa hivyo. Bila miwani uso wake ni wa mtu mwingine, mtu aliyeachwa nje ya nyumba.

"Usimwambie," akasema.

"Mwalimu, mama ana masikio. Atakaa barazani, atangoja..."

"Nimekwambia usimwambie!"

Nje kiti kilisogezwa. Ulikuwa wakati wake. Tulisikia maharage yakimiminwa kwenye ungo. Tukasikia anaanza kuchambua, moja moja. Mwalimu alitazama ukuta kama unataka kumwangukia.

Mwisho akatoka akamwambia, "Mama, leo umeme hauna nguvu."

Na huko jikoni redio ilikuwa inaimba.

Naandika hapa ukweli wangu. Neno "piga" lilikuwa langu. Mwalimu hajanilaumu hata kwa jicho. Angenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Aprili 10

Amemwambia kichwa kinamuuma.

Aprili 11

Ulipofika wakati wa sauti Mwalimu alichukua panga akaenda shambani kwenye mvua. Hakukata kitu. Nilimwona amesimama kwenye migomba.

Aprili 12

Mama Hans amesogeza kiti karibu zaidi na ukuta.

Aprili 13

Leo hakuleta maharage. Alikaa tu, mikono mapajani.

Aprili 15

Amekuja Hans. Gari lilikwama kule chini, akapanda kwa miguu na viatu vya ofisini, tope mpaka magotini. Nilikuwa nimemweka kwenye hesabu ya wale watoto wa mjini wanaokumbuka nyumbani ndizi zikiiva. Hata kuamkia aliamkia huku anafoka.

"Shikamoo baba. Baba, umemtumia bosi wangu virusi!"

"Marahaba. Mimi? Sijamtumia mtu kitu."

"Jina ni lako! 'Ndugu mpendwa, pokea dawa ya bure ya kompyuta.' Umemtumia bosi, umemtumia mchungaji, umemtumia katibu wa kwaya. Katibu kaifungua kwa sababu ni wewe. Amesema, Mwalimu hawezi kunitumia kitu kibaya."

Mwalimu akakaa. Nikaelewa kitu kile kilikuwa kinatoka usiku na mchana kwenda kwa watu kimevaa kofia yake. Ni kama chulebuni: ukishaipata wewe, jirani anaipata kwako.

Hans akapunguza sauti. "Na za mama? Za mama zipo?"

Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Mama Hans alikuwa ameshaingia. Huyu mama anaishi kwenye ukimya, anajua aina zake zote, na huu aliusoma palepale. Akapita katikati yetu, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu, akafungua kile kifuko mwenyewe. Akaangalia peupe pale kwa muda mrefu.

Hakulia. Alichukua ubao akaandika, chaki ikilalamika, akamgeuzia mume wake. Niliweza kuusoma kutoka nilipokuwa: *Siku zote hizi umebeba peke yako?*

Aliyelia ni Mwalimu. Hans akatoka akaenda kuwafokea ng'ombe.

Baadaye walibishana. Hans anataka kufuta kila kitu kilichomo waanze upya, kabla haijaambukiza wengine. Mwalimu anataka kulipa hizo dola, hata kwa kuuza ndama. Mama Hans akagonga kikombe mpaka wakanyamaza. Akaandika: *Jackline.*

"Yule fundi simu pale Tengeru?" Mwalimu akasema. "Anayetafuna bigijii ukimsemesha? Hajui hata kuamkia."

Mama akapiga mstari chini ya jina.

Aprili 16

Gari la Hans bado limekwama, kwa hiyo kompyuta nimeibeba mimi. Tulilifunga lile kasha kwenye nailoni, tukalitia kwenye mfuko wa mbolea, nikalikumbatia kifuani. Mwalimu alishuka nyuma yangu na mwavuli. Hakujifunika yeye, alinyoosha mkono kufunika mfuko. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu miguu iliondoka. Nilijua naanguka, nikageuka nikaangukia mgongo, mfuko ukabaki juu ya kifua. Mwalimu alikuja akasema, "Imepona?" Halafu akasema, "Na wewe?"

Kibanda cha Jackline kipo nyuma ya soko. Ni mwanamke wa makamo yangu, mtoto wake amelala kwenye katoni ya mafuta. Hakuinua kichwa.

"Mbolea ni duka la pili, braza."

"Si mbolea. Ni kompyuta ya Mwalimu Elihuruma."

Akaacha kutafuna. "Yenye sauti za Mama Hans?"

Kumbe mji mzima unajua. Akatema bigijii kwenye karatasi, akasafisha meza kwa mkono wake. Alimwambia Mwalimu shikamoo, fupi kama kukatwa, na Mwalimu akaitikia.

"Intaneti mlichomoa?"

"Hapana."

"Wakati wote huo? Haya. Umelipa?"

"Bado. Nilikuwa nataka..."

"Usilipe. Ukimlipa mwizi umemwonyesha mlango." Akamsikiliza Mwalimu akisimulia madirisha yake, jekundu, manjano, na mengine. Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mwalimu, kwa hiyo umeinywesha dawa nne? Hata ng'ombe angekufa!"

"Kila moja ilisema inaponya."

"Ilisema! Daktari hukumwita, hujui katokea wapi, anaingia kwako na sindano mkononi anapiga kelele unakufa, unakufa. Utampa mkono?"

Mwalimu akaangalia viganja vyake.

"Hii inaitwa Trojani. Haivunji mlango kama virusi vingine. Inapiga hodi imevaa vizuri, na wewe mwenyewe unasema karibu. Ikishaingia inawafungulia wenzake."

"Trojani," Mwalimu akasema polepole. "Farasi wa mbao. Zawadi ya adui, askari tumboni, na watu wa mji wakaiingiza wenyewe." Akashika paji la uso. "Nimewafundisha watoto hadithi ile miaka yote. Nilikuwa nawauliza, hawa watu walikuwa wajinga kiasi gani?"

Jackline hakucheka hapo. Alisema hajui kama sauti zipo. Nyingine za namna hii zinafuta, nyingine zinafunga kwa kufuli, nyingine zinaficha tu kukutisha. Hataiwasha kabisa, maana kila ukiwasha unakanyaga nyayo za unachotafuta. Ataitoa ile sahani ya ndani inayotunza kumbukumbu, aichungulie kwa mashine nyingine iliyo salama.

Nikaona niseme. "Mimi ndiye niliyemwambia apige."

"Wewe ni nani?"

"Kibarua."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Mkono ulikuwa wangu."

Jackline alitutazama wote wawili, tope mpaka kwenye masikio. "Nendeni mkanawe," akasema. "Na mwambieni Mama asinisubiri barazani, baridi itamwingia kifuani."

Nilikuwa nimemchukia tangu aliponiita mbolea. Wakati wa kupanda mlima sikumchukia tena.

Aprili 18

Hakuna habari.

Aprili 21

Tumepiga dawa tena. Mwalimu alisoma kila chupa mbele na nyuma, akanusa, akauliza risiti. Moja ilikuwa na kifuniko kilichokwisha kufunguliwa. Amenirudisha nayo dukani kwa miguu. Sikunung'unika, nilinung'unika kidogo tu.

Jioni amewapigia simu watu wa kanisa mmoja mmoja. Anasema kila mara maneno yaleyale: "Mimi Elihuruma. Kile kilichotoka kwa jina langu si changu, usikifungue. Nisamehe." Kwa mzee kama yeye, hiyo ni kazi nzito kuliko bomba.

Aprili 23

Mama Hans bado anakaa barazani. Sasa Mwalimu anakaa naye. Wanachambua maharage pamoja. Yeye anachambua vibaya, mama anarudia.

Aprili 27

Jackline amekuja kwa bodaboda, mtoto mgongoni, kasha la kompyuta katikati yake na dereva. Hans naye alikuwepo, safari hii na mabuti. Jackline hakukaa mpaka alipounganisha nyaya zote.

"Sikilizeni kwanza," akasema. "Nyingi zilikuwa zimefichwa, nimezipata. Nyingine zimekwenda moja kwa moja. Kila dawa iliyoingia ilikaa juu ya kitu. Ilipokaa juu ya sauti, sauti hiyo ndiyo basi."

"Nyimbo?" Mwalimu akauliza.

Jackline alipojibu alimtazama Mama Hans, si Mwalimu. "Nyimbo hazipo, mama. Pole. Nimetafuta siku mbili zaidi kwa ajili ya nyimbo tu."

Mama Hans akafunga macho, akayafungua. Akamfanyia ishara aendelee.

Na leo mlango haukufungwa. Mama alikaa ndani, mbele, mtoto wa Jackline mapajani. Sauti ikatoka. Mimi Kimeru sikijui, lakini nilijua anamsema mtu, kwa jinsi sauti ilivyopanda na kushuka. Hans alianza kucheka, Jackline akaziba mdomo. Nikamuuliza Mwalimu, "Anasema nini?"

"Anasimulia siku nilipokwenda kwao kumchumbia," Mwalimu akasema. "Nilivaa suruali ya kuazima. Nikaruka mfereji nionekane kijana."

"Ukaruka?"

"Nikaruka ndani."

Mama Hans alikuwa anacheka bila sauti, mabega yote, mkono umeshika kitambaa shingoni. Halafu niliona midomo yake inatembea. Ilikuwa nyuma ya ile sauti kidogo, kisha ikaifikia, zikaenda pamoja, neno kwa neno. Kwa muda ule ukitazama hukuweza kujua sauti inatoka wapi. Mwalimu hakuangalia tena kompyuta. Alimwangalia yeye.

Mei 2

Jackline amepanda tena kuweka mambo sawa. Dawa sasa ni moja tu, ya halali, aliyoichagua yeye, na akamkataza Mwalimu kuifunga inapotaka kujisasisha. Flashi ya mtu haichomekwi mpaka ikaguliwe. Hans amebadilisha maneno yote ya siri. Halafu Jackline akatenga njia mbili za kuingilia. Ya Mwalimu ya kila siku haiwezi kupokea programu mpya hata aipige ngumi. Ya kuruhusu ina neno la siri lake, na neno hilo ameachiwa Mama Hans peke yake.

"Sawasawa," Mwalimu akasema. "Siri apewe asiyesema."

Mama alimrushia chaki. Ilimpata.

Mei 9

Dirisha limeruka tena, la bluu, lina nyota. Nilikuwa naleta kuni. Mwalimu alinyanyua mikono yote miwili juu kama aliyeshikiwa bunduki, akaita, "Mama! Limekuja!" Mama akaja, akaangalia, akalifunga, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.

Mei 16

Mvua kidogo. Magoti.

Mei 26

Asubuhi mlima umeonekana wote. Tangu nije sikujua ni mkubwa hivyo, nilikuwa nalima miguuni kwake bila kuuona uso. Masika yamekwisha. Mke wangu amepiga simu, mtama kidogo uliosalimika unataka mikono kabla ndege hawajaumaliza. Nimeomba ruhusa. Mwalimu amesema nirudi kahawa ikianza kuiva, na akaniuliza watoto wangu majina yao. Akayarudia mpaka akayashika.

Mei 28

Naondoka kesho. Leo walikaa kupanga mahali pa kuweka nakala za sauti. Jackline alisema kosa kubwa halikuwa hata lile la kubonyeza, watu wote hubonyeza siku moja. Kosa lilikuwa kuweka sauti mahali pamoja. Nakala moja imewekwa kabatini, haigusi kompyuta mpaka siku ya kazi. Ya pili amepewa Hans apeleke Njiro.

"Na ya tatu ikae mbali kabisa," akasema. "Moto ukija huku, au mwizi, au maji, isifikiwe."

Hans akasema zipo huduma za kuhifadhi kwenye mtandao, wanaita wingu.

"Wingu?" Mwalimu akasema. "Mwezi wa tatu, wa nne na wa tano nimekaa ndani ya wingu. Limetosha."

Wakacheka, wakabishana. Nilikuwa mlangoni nafunga mabuti kwenye kamba. Mama Hans akagonga kikombe. Alikuwa ananielekezea chaki. Akaandika: *Kwenu ni mbali?*

"Mbali, mama," nikasema. "Ni basi siku nzima, halafu pikipiki, halafu miguu."

Akamtazama Jackline. Jackline akanitazama mimi, kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi zilizotoboka. "Panafaa," akasema.

Nimeipokea nakala ya tatu kwa mikono miwili. Ni flashi ndogo, mama ameishonea mfuko wa kitambaa cheupe, kilekile cha shingoni kwake. Mwalimu alitaka kusema kitu, nadhani maagizo ya kushika kama yai. Badala yake alinishika bega.

Mei 30

Shelui. Vumbi, jua, watoto wamekua. Mke wangu aliuona ule mfuko nilipokuwa navua shati.

"Nini hiki?"

"Mama mmoja anaongea."

"Anasema nini?"

"Sijui yote, ni Kimeru. Kuna mahali mzee anatumbukia mferejini."

Akaupima kwenye kiganja. "Tusikilize."

"Hatuna cha kusikilizia."

Nimemweleza kisa chote, tukiwa tumekaa nje. Halafu akaleta kopo la majani ya chai, akalifuta vizuri ndani kwa upindo wa khanga, tukautia ule mfuko. Nimelifunga kwenye boriti ambako panya hawafiki. Hapa hakuna kompyuta, hakuna intaneti, umeme wenyewe umeishia barabarani. Hakuna dirisha la rangi yoyote litakalomfikia.

Kabla sijabana kifuniko mke wangu aliniambia ningoje. Akasogeza uso karibu na kopo, kama mtu anayeongea na mgeni aliyechoka na safari.

"Karibu, mama," akasema. "Jisikie uko nyumbani."